Maji ya Vita Huchimbwa Wakati wa Amani

Mwishoni mwa Januari 2025, wapiganaji wa M23 walipouingia mji wa Goma, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, maji yalikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuadimika. Umeme ulikatika. Pampu zinazovuta maji kutoka Ziwa Kivu zikasimama, na katika mji ule wenye watu zaidi ya milioni moja, wakiwamo wengi waliokwisha kuzikimbia nyumba zao vijijini, mabomba yakakauka. Basi watu wakateremka ziwani na madumu yao, wakachota maji yasiyosafishwa, wakayanywa. Hatari yake waliijua. Lakini kiu haingoji, na mtoto anayelilia maji hatulizwi kwa habari za vijidudu.

Watu wa Goma husema Kiswahili, na kilio chao chatufikia bila ya mkalimani. Kwa ajili hiyo tumeona yafaa leo tulizungumze jambo ambalo katika miji yetu halizungumzwi, au huzungumzwa kwa minong'ono kana kwamba kulitaja ni uchuro. Nalo ni hili: siku vita vitakapoufikia mji, watu wake watakunywa nini?

Mji wa kisasa hunywa kwa mrija mmoja mrefu. Maji hutoka mtoni au chemchemini, pengine mbali sana, hupita katika mtambo wa kusafishia, kisha husukumwa kwa pampu za umeme hadi kwenye matangi, na kutoka matangini hugawanywa mitaani. Mombasa hunywa maji ya chemchemi za Mzima, yanayosafiri zaidi ya kilomita 200. Dar es Salaam humtazamia mto Ruvu. Katika siku za amani mpango huu ni neema kubwa, na hapana mtu mwenye akili atakayetaka uachwe. Lakini siku za vita neema hiyo hugeuka kuwa udhaifu. Adui hana haja ya kuingia mjini. Akikata waya wa umeme, au akiteka kituo kimoja cha pampu, au akilivunja bomba kuu porini pasipo mlinzi, watu laki nyingi hushikwa na kiu kwa siku moja.

Wala haya si maneno ya kutisha watu tu. Mnamo Aprili 2022 bomba lililoupelekea mji wa Mykolaiv, nchini Ukraine, maji ya mto Dnipro liliharibiwa vitani. Kwa majuma kadhaa mabomba ya mji yalikuwa makavu, na maji yaliporudi yalikuwa ya chumvi, hayanyweki, yakaanza kuyala mabomba yenyewe. Mwezi wa Aprili mwaka uliofuata, vita vilipolipuka Khartoum, mtambo wa maji wa Bahri ulisimama tangu siku za mwanzo, na watu waishio kando ya mto mrefu kuliko yote ya Afrika wakawa hawana maji ya kunywa yaliyo salama.

Tunajua kwamba sheria za mataifa zinakataza mambo hayo. Ibara ya 54 ya Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, inayoambatana na Mikataba ya Geneva, yakataza kuvishambulia au kuviharibu vitu ambavyo raia hawawezi kuishi bila ya kuwa navyo, na mitambo ya maji ya kunywa imetajwa humo kwa jina. Itifaki ya Pili inasema vivyo hivyo kwa vita vya ndani ya nchi. Aprili 2021 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilirudia msisitizo huo katika azimio lake namba 2573. Sheria hizi ni njema, na wanaozivunja yapasa wahukumiwe. Lakini hukumu huja baada ya miaka, na mwanadamu hawezi kukaa bila ya maji kwa zaidi ya siku chache. Hivyo, pamoja na kuidai sheria, mji hauna budi ujitengenezee ngao yake.

Ngao hiyo, kwa maoni yetu, ni maji yaliyo karibu: yapatikane mtaani, yavutwe kwa mkono kama umeme haupo, yawe yamepimwa mapema, na dawa ya kuyasafisha iwe imewekwa akiba. Miji iliyopata kupita katika moto imetuachia mafunzo matatu juu ya jambo hili.

Funzo la kwanza latoka Sarajevo. Mji huo ulizingirwa tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996. Chanzo chake kikuu cha maji, kule Bačevo karibu na Ilidža, kilikuwa katika eneo lililoshikwa na wale waliouzingira, na umeme wa kuendeshea pampu ukakatwa mara kwa mara. Wakazi wakategemea chemchemi na visima vichache vilivyobaki ndani ya mji, mashuhuri miongoni mwao ikiwa ile iliyokuwa chini ya kiwanda cha bia. Wakasimama foleni na ndoo, na foleni ile ikawa shabaha. Tarehe 12 Julai 1993, katika mtaa wa Dobrinja, kombora liliangukia watu waliokuwa wakingojea zamu ya kuchota, na zaidi ya watu 10 wakauawa. Walikuwa wametoka kutafuta maji ya kupikia na ya kunywesha watoto. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa The Hague ilimtia hatiani Jenerali Stanislav Galić mwaka 2003 kwa mashambulizi juu ya raia wa mji huo, lakini hukumu hiyo haikuwarudisha waliokwisha kufa.

Kwa hiyo kuwa na kisima kimoja kikubwa mjini hakutoshi. Kisima kimoja hufanya foleni ndefu, na foleni ndefu wakati wa vita ni mauti. Maji ya dharura yatakiwa yatawanywe katika vituo vingi vidogo, ili mchotaji asiende mbali wala asisimame sana, na kituo kimoja kikipigwa vingine vibaki. Mhandisi Mmarekani Fred Cuny na wenzake walilifahamu jambo hilo la kujikinga walipoweka mitambo ya kusafisha maji ya mto Miljacka ndani ya handaki la barabara, mahali ambapo makombora hayakufika. Kazi yao ilikuwa ya kishujaa. Hata hivyo ilifanywa katikati ya mzingiro, kwa vifaa vilivyoletwa kwa ndege, baada ya watu kuteseka kwa muda mrefu.

Funzo la pili latoka Goma yenyewe. Julai 1994, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kutoka Rwanda wakakaa kandokando ya mji huo, juu ya mawe ya volkano ambayo jembe haliyapenyi, mahali pagumu kuchimba choo na pagumu kuchimba kisima. Ziwa lilikuwa mbele ya macho yao. Wakanywa, na kipindupindu kikazuka. Inakadiriwa kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara. Maji hayakukosekana, yalikosekana maji safi.

Funzo hilo ni zito, hasa kwetu sisi tulio kando ya maziwa, mito na bahari, ambao hudhani kwamba wingi wa maji ni usalama. Maji ya karibu yasiyo na klorini yaweza kuua wengi kuliko mizinga. Na dawa yenyewe si ya gharama kubwa. Njia iliyopata kutumika Goma ni kuwaweka wahudumu ufukweni, wakatia kipimo cha klorini katika dumu la kila mchotaji kabla hajaondoka. Jambo hilo laweza kufanywa na kijana yeyote aliyefundishwa, mradi dawa iwepo ghalani na kijana awe amefundishwa kabla ya siku ya msiba.

Funzo la tatu latoka Ujerumani. Nchi hiyo iliona mabomu yalivyoivunja miji yake, na mnamo mwaka 1965 ikatunga sheria ya kuhakikisha maji wakati wa hatari. Kwa sheria hiyo vikachimbwa visima vya dharura katika miji mbalimbali, ambavyo leo vyapata 5,200, visivyotegemea mtandao wa mabomba. Kipimo walichojiwekea ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Katika barabara za Berlin zipo hadi leo pampu za chuma zipatazo 2,000, za kuvutwa kwa mkono, zilizosimama kando ya miti na vituo vya basi. Watoto huzichezea, na wakazi huchota maji ya kumwagilia miti. Ni kweli kwamba baadhi yake zimeharibika kwa kukosa matengenezo, na hilo nalo lafundisha: pampu isiyotumika wala kutunzwa si akiba, ni pambo. Lakini mji ule unajua visima vyake viko wapi. Je, sisi twajua vyetu viko wapi?

Wapo watakaosema kwamba siku ya shida Serikali italeta maboza. Tuifanye hesabu hiyo pamoja. Mashirika ya misaada duniani nayo hutumia kipimo cha lita 15 kwa mtu kwa siku, yaani ya kunywa, kupikia na usafi wa lazima. Kwa sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Watu hao kwa kipimo hicho watahitaji lita zipatazo milioni 80 kila siku. Boza la lita 10,000 litatakiwa kufanya safari 8,000 kwa siku, katika barabara ambazo huenda zimefungwa, kwa dizeli ambayo huenda haipo, na kila boza sharti lijazwe mahali ambapo maji bado yapo. Tukikata kipimo nusu, bado ni safari 4,000. Maboza yatafaa kwa hospitali na kwa mitaa isiyo na namna nyingine. Kuyategemea kwa mji mzima ni kujidanganya. Maji ya chupa nayo yatakwisha madukani siku ya kwanza, na yatakayobaki yatauzwa kwa bei ambayo mvuja jasho hataiweza.

Tugeuze hesabu. Pampu ya mkono, kwa kipimo cha mashirika hayo hayo, hutosheleza watu 500. Kata yenye watu 20,000 yahitaji pampu 40. Si jambo dogo, wala hatusemi lifanyike kwa mwaka mmoja. Lakini ni jambo linalohesabika, linalojengeka kidogo kidogo, shule kwa shule, zahanati kwa zahanati, msikiti kwa msikiti, kanisa kwa kanisa.

Tunarudi kwa wale wanaoona kuwa kutaja vita ni kuviita. Sisi twamshukuru Mungu kwa amani tuliyo nayo na twamwomba aidumishe. Lakini mwenye kuweka ndoo ya mchanga jikoni hauiti moto. Tena kisima cha vita si cha vita peke yake. Mei 2008, njia ya umeme itokayo Bara ilipoharibika, Unguja ilikaa takriban mwezi mmoja gizani. Desemba 2009 umeme ukakatika tena, na haukurudi mpaka Machi 2010. Hakukuwa na adui yeyote, hakuna bunduki iliyolia, lakini pampu zilisimama na watu wakarudi visimani na ndoo. Mwaka 2022 mvua zilipochelewa na Ruvu ikapungua, Dar es Salaam iliingia katika mgao mkali wa maji, na mwezi wa Novemba mji ukapata nafuu kutoka wapi? Kutoka visima virefu vya Kigamboni, ambavyo maji yake yaliunganishwa na mtandao wa mji. Ukame, mafuriko, tetemeko, hitilafu ya umeme na vita ni maadui mbalimbali, lakini wote huupiga mji mahali pamoja, na ngao ya kujikinga nao ni moja.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili. Katika magofu ya Gedi visima vyaonekana mpaka leo, karibu na nyumba na karibu na misikiti. Aliyejenga mji alichimba kwanza. Ndani ya Ngome ya Yesu, Mombasa, ngome iliyozingirwa na Waomani tangu 1696 hadi 1698, kipo kisima kirefu, na lipo pia birika la kukingia maji ya mvua. Ukiyaona hayo mawili pamoja unaelewa: maji ya kisima cha kando ya bahari huwa na chumvi, na mwenye hekima haweki tumaini lake lote katika shimo moja.

Sisi tumefanya nini na urithi huo? Visima vingi vya mitaani vimefukiwa. Vingine vimejengewa juu, vingine vimegeuzwa majalala, na vilivyobaki vimezungukwa na vyoo vya shimo. Hatutaki kueleweka vibaya. Maofisa wa afya waliofunga visima vichafu wakati wa kipindupindu walitenda haki, na mtu asichukue makala haya kuwa ruhusa ya kunywa maji ya kisima chochote. Klorini huua vijidudu, lakini haiondoi chumvi. Kuchemsha hakuondoi chumvi wala kemikali za viwandani. Kwa sababu hiyo hiyo twasema kisima kipimwe leo, wakati maabara zinafanya kazi na wapimaji wana nafasi, wala tusingoje siku ambayo hapana wa kuuliza.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matano.

Kwanza, kila halmashauri ya mji iandae daftari la visima vyote, virefu na vifupi, vya umma na vya watu binafsi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imekwisha kuzipa bodi za mabonde kazi ya kutoa vibali vya kutumia maji ya ardhini, kwa hiyo msingi upo. Kinachotakiwa ni daftari hilo lifike mtaani, mwenyekiti wa mtaa ajue kisima kiko uwanja gani, kina cha futi ngapi, na ufunguo wake uko kwa nani.

Pili, visima hivyo vipimwe na kutengwa kwa madaraja: vya kunywa baada ya klorini, vya kufulia na kuogea tu, na vya kufungwa kabisa. Mwananchi atakayefua kwa maji ya chumvi ameokoa maji matamu kwa ajili ya kunywa. Kisima cha kunywa kiwe umbali usiopungua mita 30 kutoka chooni, mdomo wake ufunikwe kwa zege, na maji ya mvua yasitiririkie ndani.

Tatu, katika kila kata baadhi ya visima vifungwe pampu za mkono, au pampu za nguvu za jua zenye mkono wa akiba. Wenye visima binafsi vya umeme wakubaliane mapema na halmashauri kwamba siku ya dharura vitafunguliwa kwa jirani, na makubaliano hayo yaandikwe, ili siku hiyo pasiwe na ugomvi getini wala biashara ya kukamua wanyonge kwa bei ya dumu.

Nne, iwekwe akiba ya klorini, vipuri na mipira ya pampu katika zahanati na ghala za kata, na vijana wachaguliwe wafundishwe kupima na kutia dawa. Klorini hupoteza nguvu ikikaa sana, hivyo akiba hiyo izungushwe: ya zamani itumike, mpya iwekwe.

Tano, pampu hizo zitumike wakati wa amani. Zimwagilie bustani za shule, zioshe masoko. Kitu kinachotumika kila siku kikiharibika hutengenezwa, na kitu kilichosahauliwa huoza kimya.

Nyumba nayo ina wajibu wake. Si kila kazi ni ya Serikali. Familia iweke madumu mawili au matatu safi yenye vifuniko, yajazwe na kubadilishwa mara kwa mara. Wenye paa za bati wakinge mvua. Kila mtu mzima ajue kwamba maji yenye tope huchujwa kwanza kwa kitambaa safi, maana klorini haifanyi kazi vizuri katika tope. Kwamba baada ya kutia dawa hungojewa nusu saa. Na kwamba chupa ya plastiki angavu yenye maji maangavu, ikiachwa kwenye jua kali saa sita, hupunguza sana vijidudu pale ambapo hapana kuni wala dawa. Elimu hii haina gharama, na adui hawezi kuikata kama waya.

Tunajua kwamba mabaraza ya madiwani yana mengi ya kufanya kwa fedha kidogo. Barabara zadai, madarasa yadai, na kisima kitakachotumika siku isiyojulikana ni rahisi kukiahirisha. Lakini tuwatazame akina mama wa Goma walioteremka ziwani Januari ile. Hakuna hata mmoja wao aliyeanzisha vita, wala aliyeulizwa kama vianze. Walichohitaji siku hiyo ni pampu chache, dawa kidogo, na jirani aliyefundishwa kupima kipimo. Vitu hivyo havinunuliki mji ukiwa umefungwa.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Sisi twaongeza kwamba kisima hakichimbwi chini ya makombora. Bajeti za halmashauri zitakapoletwa mezani, twawaomba madiwani waulize swali moja tu: katika kata yangu, umeme ukikatika leo na bomba likakauka kesho, maji ya kunywa ya keshokutwa yatachotwa wapi? Asiyeweza kujibu ana kazi ya kufanya, na amani tuliyo nayo ndiyo nafasi ya kuifanya.